Mwenye Jina wa Nyarubungo

Mwanamke aliyeanzisha Kitivo cha Uhasibu katika chuo chetu cha Biharamulo alizaliwa Nyakisasa, wilayani Ngara, akabatizwa Rozalia. Chuoni hakuna aliyelijua jina hilo. Kwa miaka kumi na saba tulimwita Madamu Niyonsaba, na katika vyeti vyake vyote, kuanzia cha darasa la saba hadi cha shahada ya uzamili, aliitwa Deodata Niyonsaba. Nilisoma stashahada kwake, kisha nikawa karani wa kitivo chake. Ninaandika maisha yake kwa sababu siku hizi yanasimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili ni za uongo. Wako wanaosema alikuwa tapeli tangu mwanzo. Wako wanaosema alionewa. Mimi namheshimu, na kwa kuwa namheshimu sitamtetea.

Baba yake, mzee Habimana, alikuwa na migomba, kahawa kidogo na mabinti watano. Rozalia alikuwa wa tatu. Mwaka 1995 alimaliza darasa la saba pale Nyakisasa na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Shule nzima walichaguliwa wavulana wawili tu. Watu wa wakati ule walikuwa na dawa yao ya jambo hilo. Kanuni haikumruhusu mtoto aliyekwisha kufanya mtihani aufanye tena, hivyo mtoto alipelekwa shule nyingine, akarudia darasa kwa jina la mwenzake aliyesajiliwa kisha akaacha shule. Kila mtu alijua. Walimu walijua, wazazi walijua, hata makatekista walijua. Hakuna aliyeuita wizi. Jina la mtoto aliyeacha shule lilionekana kama shamba lililoachwa, anayelilima ndiye anayevuna.

Mwaka uliofuata mzee Habimana alifunga mbuzi jike kamba, akatembea naye hadi Mugoma, kwa mwalimu mkuu Anatory. Mwalimu Anatory alikuwa na nafasi moja. Msichana mmoja wa darasa la saba, Deodata Niyonsaba, alikuwa amesajiliwa kwa mtihani, lakini mwezi Machi mama yake alifariki na yeye akabaki nyumbani kulea.

"Kuanzia leo," Mwalimu Anatory alimwambia Rozalia, "mtu akiita Rozalia hapa shuleni, usigeuke."

Rozalia alikuwa na miaka kumi na minne. Aliuliza swali moja tu. "Na mwenyewe akirudi, mwalimu?"

"Harudi. Ana wadogo zake wanne mgongoni."

Alifaulu. Akaenda sekondari, akaenda kidato cha tano, akaenda chuo kikuu. Kila fomu aliyojaza ilimfunga zaidi. Nyumbani aliitwa Rozalia wakati wa likizo tu, na baba yake alipofariki, hata hilo likapungua. Tangu siku aliyofanya mtihani wa darasa la saba hakukanyaga tena Mugoma. Kama ilibidi aende upande ule, alizunguka.

Alikuja kwetu mwaka 2005 na shahada yake. Chuo kilikuwa kidogo, kikifundisha ualimu peke yake. Alikwenda kwa mkuu wa chuo akaomba chumba cha masomo ya jioni ya uhasibu. Alipewa ghala la zamani la pamba, ambalo ukikaa ndani yake ulitoka na nyuzi kwenye nywele. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kumi na mmoja: makarani wa vyama vya ushirika, watunza hazina wa vigango vya kanisa, na mwenye duka mmoja aliyekuja kwa sababu mkewe alimlazimisha.

Kwa nini uhasibu, katika wilaya ya jembe? Alitueleza mwenyewe siku ya kwanza. Chama cha ushirika ambako baba yake alipeleka kahawa kilikufa alipokuwa sekondari. Karani wake hakuwa mwizi. Aliandika daftari kwa namna ambayo yeye peke yake aliweza kuisoma, kisha akaugua, akafa. Wakulima wakabaki wanaligeuzageuza lile daftari kama watu waliokwenda kwa mganga, na hakuna aliyejua ana haki ya kiasi gani. "Mwizi angekuwa afadhali," alisema. "Mwizi hukamatwa."

Kutokana na jambo hilo aliandika sentensi iliyokuwa dhamira ya masomo yetu, ikapakwa rangi ukutani: *Kuandaa wahasibu ambao maandishi yao yanaweza kuaminiwa na mtu asiyejua kusoma.* Wahadhiri waliokuja baadaye kutoka mijini hawakuipenda. Makamu wake, Theonest, alipendekeza mara tatu kwenye vikao iondolewe, iwekwe ya weledi na ushindani wa soko. Mara tatu Madamu alikataa.

Na aliweka desturi ambayo sijaisikia katika chuo kingine. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alipewa kikundi kimoja cha kijijini cha kuweka na kukopa, akakitunzia daftari kwa msimu mzima. Mwishoni alisimama mbele ya wanakikundi na kulisoma lote kwa sauti, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kila jina na kila alichoweka. Waliotoa alama walikuwa wanakikundi, kwa kunyoosha mikono. Namkumbuka mwanafunzi mmoja, Derick, aliyetaka kumaliza upesi. Bibi mmoja akamkata kauli: "Mjukuu, unasoma mbio kama aliyeiba kuku. Rudi nyuma." Akarudi nyuma kurasa kumi na nne.

Mwaka 2010 tulikuwa idara. Mwaka 2016 tukawa kitivo, naye akawa mkuu wake. Wasimamizi wa vyuo walituona, waajiri walituona. Kwenye mahafali wazazi wa vijijini walimfuata kumshika mkono, naye aliwaamkia shikamoo hata wale waliokuwa rika lake, kwa heshima tu. Hakuchelewa kazini. Hakuchukua hata kalamu ya ofisi. Ninaandika haya ili msomaji ajue kwamba mtu anaweza kuwa mwaminifu katika mambo elfu moja, na lile moja likabaki pale pale linamsubiri.

Lilimsubiri kijijini Nyarubungo.

Ilikuwa mwaka 2021. Mwanafunzi aliyesoma daftari siku ile aliitwa Priscila, na mimi nilikwenda na Madamu kama kawaida kuandika alama. Kikundi kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, wale wanaoaminiwa kuliko wote. Priscila alifika ukurasa wa pili.

"Namba saba," akasoma. "Deodata Niyonsaba. Mshika ufunguo wa pili."

Wanafunzi waliokuja kumsindikiza wakageuka kumtazama Madamu. Mwenyekiti wa kikundi, mzee Matiasi, akapiga makofi.

"Ala! Leo tuna Niyonsaba wawili! Mmoja wa chaki, mmoja wa jembe!"

Mwanamke mwembamba akasimama nyuma, kitenge kimefungwa kiunoni, ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa anacheka hata kabla hajasema.

"Jamani, kumbe mimi nimesoma hadi chuo kikuu na hamkuniambia!"

Watu wakaangua kicheko. Madamu alijitahidi kucheka nao. Kikao kilipokwisha, yule mwanamke alikuja akamsalimu kwa Kihangaza, lugha ya Ngara, akafurahi alipojibiwa kwa Kihangaza.

"Wajina! Kwenu wapi wewe?"

"Nyakisasa. Na wewe?"

"Mimi wa Mugoma. Huku nimeolewa tu. Mama yangu angekuwepo angecheka leo, lakini alitutoka mwaka tisini na sita, nikiwa darasa la saba. Sikufanya hata mtihani."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na sikuelewa nilichokuwa nakiona. Niliona tu kwamba Madamu amemshika yule mama mkono na hauachii. Alinisimulia yote baadaye sana, na hapo ndipo nilipoelewa.

Katika sehemu zetu wajina ni ndugu. Huwezi kumnyima, huwezi kumfungia mlango. Deodata alilichukulia jambo hilo kwa moyo wote. Kila alipokuja mjini siku ya soko alipita kitivoni na kitu: maharage, karanga mbichi, mara moja jogoo aliyewika katikati ya kikao cha mitihani. Walinzi walimzoea. "Mama Chuo Kikuu, pita," walimtania, naye aliwajibu, "Leo nakuja kusahihisha mitihani, jihadharini." Na Madamu alimpa alichoweza. Mume wa Deodata, Thobias, alipozidiwa na ugonjwa wake wa miaka mingi, Madamu ndiye aliyelipa gari la kumpeleka hospitali. Thobias alipofariki, Madamu alinunua mabati ya kumalizia nyumba. Watu walimsifu, na mimi nilimsifu. Sasa naona kwamba alikuwa akimpa yule mwanamke kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichokuwa chake.

Deodata hakujaliwa mtoto. Mjane asiye na mtoto, kwenye shamba la ukoo wa mume, hukaa kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Shemeji yake Danstan alianza na maneno madogo. Kwamba Mugoma ni karibu na mpaka wa Burundi. Kwamba jina Niyonsaba ni la upande wa pili. Kwamba kaka yake alimwokota tu wakati ule wa wakimbizi. Maneno hayo ni ya kipumbavu, maana majina hayo tunayo pande zote mbili za mpaka tangu kabla mpaka haujawekwa. Lakini mtu asiye na karatasi hawezi kuujibu upumbavu.

Naye hakuwa na karatasi. Hakuwa na kitambulisho cha taifa. Wakati wa uandikishaji mkubwa alikuwa akimuuguza mume wake, akasema atakwenda baadaye. Mwaka 2022 timu ya upimaji ilifika Nyarubungo kuandika mashamba yote ili watu wapewe hati za kimila. Shamba liliandikwa kwa mtu mwenye kitambulisho, au mwenye uthibitisho kwamba ni raia. Deodata alikuwa na akili. Alijua la kufanya. Alipanda gari hadi Mugoma, kwenye shule yake ya zamani, kuomba barua kwamba alisoma pale.

Siku iliyofuata, Jumanne, alikuja kitivoni moja kwa moja kutoka stendi. Safari hii hakubeba kitu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akampa Madamu barua iliyokunjwa mara nne.

"Wajina, nimekwenda kwetu wakaniambia mimi si mimi."

"Wamesema nini?"

"Mwalimu mkuu wa sasa ni binti mdogo, mtaratibu, hana ubaya. Kafungua daftari la wanafunzi mbele yangu. Kaniambia, 'Mama, Deodata Niyonsaba alifanya mtihani mwaka tisini na sita, akafaulu, akaenda sekondari. Wewe unasema hukufanya mtihani. Basi wewe si yeye.' Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekaa dawati lile pale, la tatu kutoka dirishani. Kaniambia, 'Mimi naandika kilichomo kwenye daftari.' Akaandika hivyo. Na mhuri kapiga."

Madamu aliisoma barua. Ilisema kwamba aliyefika shuleni kudai jina hilo hakuweza kuthibitishwa kuwa ndiye.

"Umeionyesha kwa mtu?"

"Danstan alikuwa stendi nilipokuwa nashuka. Kaninyang'anya, kasoma, kanirudishia. Kasema, 'Sasa hata kwenu wamekukana.' Anajua cha kuwaambia kijijini." Deodata akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nimefikiri njia nzima. Labda Mwalimu Anatory alikosea kuandika, na amekwisha kufa. Labda kuna Deodata mwingine. Wewe, wajina, shule ya msingi ulisoma wapi?"

"Nyakisasa," Madamu alijibu.

Jibu lilikuwa la kweli. Alisoma Nyakisasa miaka saba. Katika maisha yangu nimesikia uongo wa kila aina, na ule unaotengenezwa kwa maneno ya kweli ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu anayeusema anaweza kulala.

"Nisaidie, wajina. Wewe unajua ofisi. Orodha ya mashamba inabandikwa kijijini, na pingamizi mwisho ni Ijumaa. Baada ya Ijumaa inakwenda wilayani, haibadiliki tena ila kwa kesi. Na mimi kesi nitaiweza wapi?"

"Ijumaa hii?"

"Hii hii."

Sasa msomaji aelewe kilichokuwa mezani kwa Madamu. Jumatatu iliyofuata wakaguzi wa ithibati walikuwa wanakuja kukikagua kitivo. Wangekaa siku tatu, wangepekua mitaala, mitihani, maktaba, na zaidi ya yote vyeti vya wahadhiri, kuanzia vya mkuu wa kitivo. Ithibati ikipatikana, tungefundisha shahada ya uzamili. Ikikosekana, kulikuwa na maneno kwamba tutaunganishwa na idara ya biashara na jina letu lifutwe. Wanafunzi mia nne. Miaka kumi na saba ya kazi. Kama angetamka ukweli kabla ya Ijumaa, angeokoa shamba la Deodata na kuukabidhi ukaguzi kitivo kisicho na mkuu, chenye aibu.

Alimwambia, "Rudi nyumbani. Subiri kidogo. Nitalishughulikia."

"Lini?"

"Wiki ijayo. Nikimaliza wageni wangu."

"Lakini Ijumaa..."

"Wajina, si nimekuambia nitalishughulikia? Hata ikipita Ijumaa, kuna njia."

Deodata alimwamini. Mtu aliyeshika ufunguo wa watu kwa miaka sita hujua kuamini, na hudhani wengine wako kama yeye. Aliinuka, akaikunja barua yake, akatuaga sote pale ofisini mmoja mmoja.

Ijumaa ilipita. Ninajua Madamu alifanya nini siku hiyo kwa sababu nilikuwa naye. Alisahihisha taarifa ya kitivo kurasa sitini, alikemea wapaka rangi walioacha madoa chini ya ile dhamira ya ukutani, saa sita akaenda kanisani, akarudi baada ya dakika chache tu. Saa tisa na nusu, muda wa kufunga ofisi za serikali, nilimkuta amesimama dirishani. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Hapana. Niletee faili la maktaba."

Wakaguzi walikuja. Tulisifiwa. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, aliisoma dhamira yetu mara mbili, akasema hajawahi kuona nyingine iliyomgusa kama ile. Akaomba vyeti vya mkuu wa kitivo, akavigeuza kimoja kimoja, akavirudisha. "Safi kabisa, Madamu Niyonsaba."

Jumatano jioni waliondoka. Alhamisi asubuhi Madamu aliingia kwa mkuu wa chuo na kumwambia jina lake. Theonest, makamu wake, alikuwa humo ndani, na ndiye aliyenisimulia.

"Kwa hiyo unataka nini?" mkuu wa chuo alimuuliza. "Walifanya hivyo nusu ya watu wa umri wako. Nenda kwa mwanasheria, apa kiapo cha jina, yaishe."

"Mwenye jina yupo hai, baba. Yuko Nyarubungo. Wanamnyang'anya shamba kwa sababu yangu."

"Na ulijua lini?"

"Mwaka jana nilimjua. Habari ya shamba niliijua Jumanne ya wiki iliyopita."

"Kabla ya wakaguzi?"

"Kabla."

Mkuu wa chuo ni padre. Theonest aliniambia kwamba alifunika uso kwa mikono miwili.

Saa nne tulikuwa njiani kwenda Nyarubungo, Madamu na mimi, kwa gari la kitivo alilokuwa akilitumia kwa mara ya mwisho. Njiani ndipo aliponiambia yote niliyoandika hapa. Nilimwambia neno moja tu: "Ijumaa, Madamu." Akajibu, "Najua."

Nyumba ya Deodata ilikuwa imefungwa kwa kufuli mpya. Danstan alikuwa anapalilia migomba kana kwamba ameizaa.

"Mnamtafuta nani?"

"Mama mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi. Someni orodha." Kisha akamtambua Madamu, akatoa kofia. "Ah, Madamu. Shikamoo. Yule wajina wako ameondoka juzi Jumanne. Amekwenda kwao."

"Mugoma?"

"Kwao Burundi."

Kwa mzee Matiasi tulisikia yaliyobaki. Jumapili, kwenye kikao cha kikundi, mtu mmoja alisema si vizuri ufunguo kukaa kwa mtu ambaye uraia wake una mashaka. Hakuna aliyebisha. Mzee Matiasi mwenyewe hakubisha; alituambia hivyo huku akitazama chini. Deodata aliuvua uzi shingoni, akauweka ufunguo juu ya sanduku. Akaomba kitu kimoja: Priscila wa chuo aitwe asome ukurasa wake kwa sauti, ili wasikie kama kuna siku alikosea. Wakamwambia haina haja. Siku mbili baadaye alifunga virago. Maharage yake yalikuwa yamekauka shambani, yanangoja kung'olewa.

"Alisema kitu alipoondoka?" Madamu aliuliza.

"Alisema, kama wajina wake akija, tumwambie amesubiri."

Madamu alikaa chini pale pale uani, kwenye vumbi, na suti yake ya ukaguzi. Hakuna aliyejua la kumfanyia. Hakuinuka mpaka dereva alipokuja.

Yaliyofuata chuoni ni mepesi kusimulia. Aliandika barua ya kuacha kazi kabla ya kuandikiwa. Vyeti vyake alivikabidhi mwenyewe, vyote, kwenye bahasha moja. Ithibati ilipatikana, kwa sababu wakaguzi walikagua kitivo na kitivo kilikuwa kizuri. Theonest ndiye mkuu wake sasa. Dhamira ya ukutani imebaki, lakini kijitabu kipya cha historia yetu kinasema kwamba Kitivo cha Uhasibu kilianzishwa mwaka 2005 "na jopo la wahadhiri". Hakukuwa na jopo. Kulikuwa na mwanamke mmoja na ghala la pamba. Nilisema hivyo kikaoni, nikaambiwa si wakati wake.

Rozalia, maana sasa hilo ndilo jina lake tena, alirudi Nyakisasa kwenye migomba ya baba yake. Kisha akaanza kutafuta. Alikwenda Mugoma, mahali alipopakwepa kwa miaka ishirini na sita, akasimama mbele ya mwalimu mkuu yule binti na kusema, "Aliyefanya mtihani ni mimi." Aliapa mahakamani. Aliwatafuta wazee waliomjua mama yake Deodata, wakaandika majina yao na kuweka dole gumba. Miezi minne ilimchukua. Mwishoni alikuwa na barua ya shule, barua ya kijiji na kiapo, vyote vikisema kwamba Deodata Niyonsaba ni mzaliwa wa Mugoma, Mtanzania, na kwamba hakuna kosa lolote alilofanya.

Wadogo zake Deodata ndio waliomwelekeza. Kulikuwa na mama mdogo, mzee sana, aliyeolewa zamani ng'ambo ya mpaka, mbele ya Muyinga. Rozalia alivuka mpaka pale Kabanga asubuhi, akapanda pikipiki hadi njia ilipokwisha, akatembea. Alimkuta Deodata anatwanga mihogo nje ya nyumba ya nyasi. Aliyonisimulia kuhusu siku ile ndiyo haya, na sijaongeza.

Deodata hakuacha kutwanga mara moja. Alimalizia kinu, akapangusa mikono, akaleta kigoda kimoja, akampa mgeni. Yeye akakaa chini.

Rozalia alimwambia. Hakuanza na sababu. Alianza na mbuzi jike, akaendelea moja kwa moja hadi ile Ijumaa, na alipofika kwenye Ijumaa alisema, "Nilijua siku, nilijua saa, nikanyamaza kwa ajili ya wageni wangu."

Kisha akatoa zile barua. Deodata alizipokea kwa mikono miwili kama mtu apokeavyo sakramenti. Alizisoma taratibu, midomo ikicheza, moja baada ya nyingine. Akarudia ile ya shule.

"Dawati la tatu," akasema. "Nilisema kweli."

"Ulisema kweli, dada."

Hakumwita tena wajina, wala Rozalia hakuthubutu.

"Unajua huku wananiitaje?" Deodata aliuliza. "Mtanzania. Nikienda kisimani, 'Mtanzania amekuja.' Nikiuza mihogo, 'Mnunulieni yule Mtanzania.' Huku ndiko wamenipa uraia wangu." Karibu acheke, kisha hakucheka.

"Turudi. Nitasimama na wewe barazani. Nitasema tena mbele ya kila mtu."

"Na shamba?"

"Limeandikwa jina la Danstan. Ni kesi. Wanasema miaka miwili, mitatu."

"Na huyu?" Deodata akaonyesha mlangoni, ambako mama mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka, anakohoa. "Nimwachie nani?"

Kuku walikuja wakaanza kudonoa unga uliomwagika kando ya kinu, na Deodata hakuwafukuza. Alizikunja barua vizuri, akamrudishia mbili na kubaki na ile ya shule, akaichomeka kifuani.

Kisha akauliza, "Maharage yangu. Nani aliyavuna?"

"Danstan," Rozalia akasema.

Deodata akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, akatazama upande ilikotoka njia. "Yalikuwa mazuri msimu ule," alisema. "Yalikuwa mazuri sana."